Mstari wa Nyangwe: Juu ya Kusoma Grafiki za Mwendo

Kila mwaka, tunapofika kwenye sura ya mwendo katika fizika, tunaandika ubaoni swali moja lile lile. Tunachora mistari miwili: mmoja wa kulala, nao ni wa wakati, mmoja wa kusimama, nao ni wa umbali. Kisha kati yake tunachora mstari unaopanda, halafu unalala, halafu unashuka mpaka chini. Tunauliza: mtu huyu amefanya nini? Na kila mwaka wengi wanajibu bila kusita: amepanda mlima, amepita juu yake mahali palipo sawa, ameshuka upande wa pili. Jibu lapendeza, lakini si kweli. Mtu huyu hakuona mlima hata mmoja. Alikwenda kwa rafiki yake, akakaa huko, akarudi kwake.

Tusiwacheke. Kosa lao lina sababu. Tangu utoto tumefundishwa kwa sanamu. Katekista akitundika ukutani sanamu ya safina ya Noe, maji ni maji na mlima ni mlima. Kilicho juu katika sanamu ni juu kweli. Basi kijana akiona mstari unaopanda, afanyeje asiseme kwamba kuna kitu kimepanda? Lakini grafiki si sanamu ya njia. Ni hesabu iliyoandikwa kwa mstari badala ya tarakimu. Kwenda upande wa kuume ni kuongezeka kwa siku. Kwenda juu ni kuongezeka kwa umbali kutoka mahali tulipoanzia kuhesabu. Hakuna mengine ndani yake.

Kwa miaka miwili tulifundisha jambo hili kwa mifano ya kitabu: gari la moshi latoka mji fulani wa Ulaya saa mbili, jingine latoka mji wa pili saa tatu, je, yatakutana wapi? Wanafunzi walikariri, wakaanguka mtihani. Ndipo, tulipokuwa tunasoma tena habari za Nyangwe kwa ajili ya somo la historia, tuliona kwamba grafiki tunayo mlangoni petu, na kubwa kuliko zile za kitabu. Tunaieleza hapa kwa ajili ya wenzetu wanaofundisha katika seminari ndogo, na kwa ajili ya wale ambao wamekwisha kusahau fizika yao, lakini hawapendi kusahau historia.

Nyangwe, kwenye ukingo wa kuume wa Lualaba, ilianza kuwa makao ya Waarabu na Waswahili karibu na mwaka 1860. Walijia pembe za ndovu na watumwa. Walikuta soko la wenyeji, ambamo Wagenya wa mtoni walileta samaki na watu wa bara walileta mazao yao, na wanawake ndio waliokuwa wengi. Mzungu wa kwanza kuliandika soko hilo ni David Livingstone. Alikuwa ametoka Ujiji tarehe 12 ya mwezi wa saba 1869, akafika Kabambare, ambayo yeye huandika Bambarre, mwezi wa tisa. Kutoka hapo alijaribu kufika mtoni kwa njia za kaskazini, akashindwa. Tarehe 22 ya mwezi wa saba 1870 alirudi Kabambare na vidonda vya miguu, akalala huko mpaka tarehe 16 ya mwezi wa pili 1871, yaani siku 209. Akatembea siku 41, akafika Nyangwe tarehe 29 ya mwezi wa tatu. Nyangwe alikaa siku 113 akitafuta mitumbwi ya kushuka mto, asiipate. Tarehe 20 ya mwezi wa saba akageuza safari, na siku ya 95 alikuwa Ujiji, tarehe 23 ya mwezi wa kumi 1871.

Haya yote yaweza kuchorwa. Tuweke sifuri Ujiji. Kabambare iko mbali kama kilometa 220 kwa mstari ulionyoka, Nyangwe kama kilometa 400. Tukianza na kurudi kwake Kabambare, mstari unalala siku 209 kwenye 220. Unapanda siku 41 mpaka 400. Unalala tena siku 113. Unashuka siku 95 mpaka sifuri. Sasa mwanafunzi agawanye. Kutoka Kabambare mpaka Nyangwe, kilometa 180 kwa siku 41, ni kilometa 4 na kidogo kwa siku. Kutoka Nyangwe mpaka Ujiji, kilometa 400 kwa siku 95, ni tena kilometa 4 na kidogo. Mistari miwili ina mwinamo karibu sawa, ila mmoja wapanda na mwingine washuka, na kwa sababu hiyo hesabu ya pili twaiandikia alama ya kutoa. Kushuka kwa mstari si kuteremka bonde, ni kurudi. Na mwishoni, msafiri yupo sifuri. Amechosha miguu yake kwa zaidi ya miaka miwili, lakini umbali wake kutoka Ujiji ni sifuri. Hapa wanafunzi hushtuka, na ni vizuri washtuke, kwani ndipo wanapotambua tofauti kati ya njia iliyotembewa na mahali ulipo.

Siku moja tulichora mstari huo mbele ya makatekista waliokuja kwa mafundisho ya siku chache. Hawakuwa wamesoma fizika, lakini walikuwa watu wa Kasongo na Kabambare, na majina yale waliyajua. Mzee mmoja kati yao aliutazama ule mstari unaolala juu, siku 113 za Nyangwe, akauliza: «Padri, hapo mstari wasema nini?» Tulijibu: wasema kwamba hakwenda popote; mbio zake ni sifuri. Mzee akasema: «Basi wasema pia kwamba hapakutendeka neno.»

Mzee yule alijua habari. Tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871, siku tano mbele ya Livingstone kuondoka, watu wenye bunduki, watu wa wafanyabiashara, waliingia sokoni. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku. Wakaanza kupiga risasi katikati ya wanawake wenye vikapu. Watu walikimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakazama wakiogelea. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika habari hizo akiwa Nyangwe, na kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya kule. Maandishi hayo yalififia hata hayakusomeka vizuri. Ni mwaka 2011 tu ndipo wataalamu, kwa kupiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, walipoyatoa yote. Nayo hayalingani kila mahali na kitabu kilichochapwa kisha kifo chake. Katika kitabu Livingstone asimama kando ya mambo, msafi. Katika magazeti twaona mtu mwenye mashaka, na hata watumishi wake mwenyewe hawakosi kutiliwa shaka.

Sisi tunaona kwamba mzee alikuwa na haki, na fizika pia ina haki. Mstari haukusema uongo. Uliulizwa swali moja tu, Livingstone yuko wapi, ukalijibu. Mwalimu asiyesema hivi darasani amefundisha nusu. Tangu siku ile hatuchori tena grafiki ya Livingstone bila kuwauliza wanafunzi watutajie kwanza inapima kitu gani, na cha nani.

Tuje kwa Stanley, maana kwake ndipo grafiki inapotoa mafundisho makubwa kuliko yote. Henry Morton Stanley alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa kumi 1876. Cameron alikuwa amepita hapo mwaka 1874. Yeye alipima maji ya Lualaba, akayaona ni mengi mno kuzidi yale ya Nile kule Gondokoro, akakata shauri kwamba mto huu ni Kongo. Lakini naye hakupata mitumbwi, akaenda kusini. Stanley alifanya mapatano na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayeitwa Tippu Tip, amsindikize. Mapatano yenyewe yafaa kutazamwa na mwalimu wa fizika: dola 5,000 kwa miendo 60, na kila mwendo ni saa nne. Hawakuhesabu maili. Walipima umbali kwa wakati, kama wazee wetu wanavyosema kijiji fulani ni siku mbili. Mwenye kutembea polepole kwa mapatano ya namna hiyo hapati hasara, na Stanley alinung'unika sana walipokuwa ndani ya msitu. Waliachana tarehe 28 ya mwezi wa 12, miendo 60 haijatimia. Tippu Tip naye ameacha habari za maisha yake katika Kiswahili, na asomaye pande zote mbili ataona kwamba kila mmoja alijiona amepunjwa.

Walitoka Nyangwe tarehe 5 ya mwezi wa 11, 1876. Stanley alimaliza kupita maporomoko saba, yale yaliyo mbele ya Kisangani, tarehe 28 ya mwezi wa kwanza 1877. Ni siku 84. Njia kwa mto ni kama kilometa 600. Gawanya: kilometa 7 kwa siku. Toka hapo mpaka ziwa la mto ambapo leo kuna Kinshasa, alifika tarehe 12 ya mwezi wa tatu: siku 43. Mabatelo ya siku zetu yahesabu njia hiyo kilometa 1,734. Gawanya: kilometa 40 kwa siku. Kisha alikaa siku nne, na tarehe 16 alianza kushuka maporomoko ya chini, mpaka Isangila, ambapo aliacha mashua yake tarehe 31 ya mwezi wa saba. Ni siku 137, na njia haifiki kilometa 300. Gawanya: kilometa 2 kwa siku. Toka Isangila walikwenda kwa miguu, wenye njaa, wakafika Boma tarehe 9 ya mwezi wa nane 1877. Jumla ni siku 277.

Tunawapa wanafunzi hesabu hizi na karatasi ya mirabamraba, wachore. Mstari wapanda polepole siku 84, kisha wasimama kama ngazi siku 43, kisha unalala karibu kabisa siku 137. Wakimaliza tunauliza: mahali gani mto una mteremko mkali? Karibu wote waonyesha kipande cha katikati, kile kilichosimama. Hapo ndipo tunapowaomba wakumbuke jiografia. Kati ya Kisangani na Kinshasa mto washuka metri 100 hivi tu katika kilometa 1,734. Maji yamelala kama meza. Ndiyo maana mitumbwi ilikwenda mbio na grafiki ikasimama wima. Kati ya Kinshasa na Matadi mto waanguka metri 270 katika kilometa kama 350, kwa ngurumo na mawe. Watu walilazimika kutoa mitumbwi majini, kuikokota juu ya vilima na kuirudisha, na kwa hiyo grafiki yalala. Palipo pakali mtoni ni papole katika mstari. Palipo papole mtoni ni pakali katika mstari. Tena, safari nzima ni ya kushuka, kutoka bara mpaka baharini, na mstari wapanda tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana aliyeshika jambo hili hatasema tena habari za mlima. Sisi hatujapata mfano mwingine unaovunja kosa lile kwa nguvu hivi.

Aongeze na hili: Lualaba kutoka Nyangwe yaelekea kaskazini, yakata ikweta, yageuka magharibi, yarudi kusini. Hakuna kona hata moja katika grafiki inayoonyesha hayo. Kona za grafiki ni siku ambazo mbio zilibadilika, si mahali mto ulipopinda.

Lazima tukiri kosa letu wenyewe. Tulikuwa tumeunganisha tarehe zetu chache kwa mistari iliyonyoka, kwa rula, nasi tulifurahia uzuri wake. Mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani aliyetuambia kwamba Stanley alikwenda kilometa 2 kila siku katika maporomoko. Kwa kweli hakuna aliyetuambia. Tulijua alama mbili, za mwanzo na za mwisho. Yaliyo katikati tuliyatunga. Kilometa 2 kwa siku ni mbio za wastani, na pengine hapakuwa na siku hata moja alipokwenda kilometa 2 kamili. Siku nyingi zilikuwa sifuri. Tarehe 3 ya mwezi wa sita, Frank Pocock, mwenzake wa mwisho wa Kizungu, alizama kwenye poromoko la Massassa; Kalulu, yule kijana ambaye Stanley alimpeleka mpaka Uingereza, alikuwa amezama mbele yake mwezi wa tatu. Grafiki ya kweli ya siku zile ingekuwa na ngazi ndogo ndogo, kulala na kuruka, kulala na kuruka. Rula yetu ilizifuta zote. Katika watu waliotoka pwani pamoja naye, hawakufika 120 waliofika Boma.

Na sifuri? Tuliiweka Nyangwe kwa sababu Stanley alianzia hapo safari ya mtoni. Vitabu vingi husoma grafiki hiyo kana kwamba mto wenyewe ulianza siku ile. Lakini Mgenya aliyekuwa akivua mahali hapo angeweka sifuri mahali pengine, na mwanamke aliyefungwa kamba na kupelekwa Ujiji angechora mstari unaokwenda upande mwingine kabisa, usiorudi. Fizika yaruhusu sifuri popote, mradi uitaje.

Wengine watauliza ni nani aliyebuni kuandika mwendo kwa mistari. Waseminari wakubwa watapenda kujua kwamba jambo hili lilitoka katika madarasa kama yao. Katika Sentensi za Petrus Lombardus, kitabu cha kwanza, distinctio ya 17, mna swali: je, mapendo yaweza kuongezeka ndani ya mtu, na yanaongezeka namna gani? Si kwa kuongezwa vipande, kama mtu aongezavyo mawe. Walimu walibishana juu ya hayo muda mrefu, wakaita jambo hili intensio et remissio formarum, na polepole wakauliza swali lile lile juu ya joto, juu ya weupe, juu ya mbio. Huko Oxford, katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, walimu wa Merton walipata kanuni hii: kitu kinachoanza kutoka kusimama na kuongeza mbio zake sawasawa, kitakwenda umbali ule ule kama kingekwenda muda wote kwa nusu ya mbio zake za mwisho. Kisha Nicole Oresme, mwalimu wa Paris, aliyewekwa kuwa askofu wa Lisieux mwaka 1377 na kufa 1382, alilichora. Alilaza mstari mmoja kwa ajili ya wakati, akasimamisha juu yake mistari mingi, kila mmoja kwa urefu wa mbio za saa ile. Kitu kinachoongeza mbio sawasawa chafanya pembetatu. Kinachokwenda kwa mbio zisizobadilika chafanya mstatili. Eneo la pembetatu ni sawa na la mstatili wenye nusu ya kimo. Kanuni ya Merton ikaonekana kwa macho. Galileo alitumia sura hiyo hiyo mwaka 1638 kwa vitu vinavyoanguka.

Angalia basi: grafiki ya Oresme si ile tuliyoichora kwa Stanley. Yake ni ya mbio, yetu ilikuwa ya umbali. Mchanganyiko wa hizi mbili ndio kosa la pili la wanafunzi, gumu kuliko la kwanza. Tukiandika safari ya Stanley kwa namna ya Oresme, twapata visanduku: kimoja cha kimo 7 na upana 84, kimoja cha kimo 40 na upana 43, kimoja cha kimo 2 na upana 137. Mstari unaolala hapa hausemi tena kwamba msafiri amesimama. Wasema kwamba anakwenda kwa mbio zile zile. Na umbali hauko tena katika kimo, uko katika eneo: 40 mara 43 ni 1,720, karibu na zile kilometa 1,734, na zinazobaki zilipotea tulipokata desimali. Tunawaambia wanafunzi watie rangi kila kisanduku na kuhesabu miraba yake. Wanaodharau kazi hiyo kuwa ya watoto ndio wanaokosa mtihani.

Mwaka 1878, Stanley alipochapa kitabu chake cha safari, Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapa kitabu juu ya kuandika mwendo kwa grafiki. Kati ya kazi alizozisifu mlikuwa mchoro wa Ibry wa magari ya moshi ya Paris na Lyon: stasyo zimepangwa upande wa kusimama, saa upande wa kulala, na kila gari ni mstari wa mshazari. Kwa namna hiyo ndivyo njia za reli zilivyoongozwa tangu hapo. Reli ya CFL ilifika kwetu pia. Kipande cha Kindu na Kongolo, kilometa 355, kilimalizika mwisho wa 1910. Kilipita ng'ambo ya mto, kikaiacha Nyangwe kando, na mji ambao misafara yote ilikuwa ikiufikia ukabaki kijiji. Njia ile ni ya reli moja. Katika mchoro wake mstari wa gari linalopanda na wa gari linaloshuka lazima ikatane, kwani magari yatakutana. Kazi yote ya mchoraji ni kuhakikisha kwamba inakatana mbele ya jina la stasyo, ambapo kuna reli ya pili ya kupishana. Tunawapa wanafunzi mchoro wa namna hiyo wenye kosa moja tuliloliweka makusudi, mistari miwili inayokatana katikati ya pori, na tunawaachia saa nzima walitafute.